Bati Langu, Ardhi Yako

Richard Burton alipopita Tura na msafara wake mwaka 1857, aliandika kwamba jina hilo maana yake ni "weka chini", yaani mzigo. Ukiijua njia aliyokuwa ametoka, utaona kwa nini jina lilimkaa. Nyuma yake kulikuwa na Mgunda Mkali, pori refu lenye shida ya maji kati ya Ugogo na Unyamwezi. Kwa mpagazi aliyetoka pwani na vitambaa au shanga begani, Tura ndipo Unyamwezi ilipoanzia. Hapo mtu alitua.

Mimi nilitua Tura Machi 2023. Mzigo wangu ulikuwa mabati kumi na nane, mbao, printa moja, meza, na mashine ya wakala wa miamala ya simu. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka mmoja na nusu nyuma, nimechoka kuomba kazi Tabora mjini, na nilikuwa nimesikia habari ambayo kila mtu mwenye biashara ndogo alikuwa ameisikia: reli mpya inajengwa, na watu wenye mishahara wamejaa njiani. Mkataba wa kipande cha Makutupora hadi Tabora ulisainiwa Desemba 2021, kilomita 368 ukihesabu na njia za kupishania treni. Kazi ya ukubwa huo huwa haiji peke yake. Inakuja na madereva, mafundi vyuma, walinzi na vibarua, na nyuma yao wanakuja wauza supu, vinyozi, mafundi pikipiki, na mtu kama mimi anayechapa barua za maombi ya kazi kwa shilingi 500 ukurasa.

Mahali pa kujenga palikuwa pamoja tu, na sisi tulipaita Uwanjani. Lilikuwa shamba la mahindi. Mwenyewe alilikata vipande vya hatua kumi kwa nane, na kila kipande kilikodishwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Hakuwa anapangisha nyumba. Alikuwa anapangisha udongo. Nyumba unajenga mwenyewe, na siku ukiondoka unaondoka nayo.

Nyumba za namna hiyo zina ufundi wake. Nguzo za miti, mbao za kushikilia, bati ubavuni na bati juu. Msumari unapigwa juu ya kizibo cha soda ili kichwa chake kisizame na bati lisichanike siku ya kung'oa. Fundi mzuri analivunja banda asubuhi, linapakiwa kwenye lori dogo, na jioni limesimama kwingine, na ukiingia ndani unakuta kalenda imening'inia kwenye msumari uleule. Niliwahi kusoma kwenye simu yangu kuhusu Wamarekani wanaoishi kwenye nyumba za kuhamishika. Nyumba ni mali yao, lakini kiwanja iliposimama ni cha mtu mwingine, na wanamlipa kodi kila mwezi. Nilisoma nikatikisa kichwa. Wao nyumba zao huitwa za kuhamishika lakini kwa kweli ni ghali mno kuzihamisha. Zetu zilihamishika kweli, ila hatukuwa na pa kuzihamishia.

Hilo ndilo linalomfanya mwenye ardhi awe na nguvu kuliko anavyohitaji. Mpangaji wa chumba akigombana na mwenye nyumba anabeba godoro lake. Mtu mwenye banda akigombana na mwenye kiwanja ana wateja waliomzoea pale, ana mkopo wa mabati, ana mtoto aliyeandikishwa shule ya kijiji. Anapiga hesabu, kisha ananyamaza.

Tulinyamaza miezi saba. Mabanda yalifika 41. Choo kilikuwa kimoja, shimo lililozungushiwa viroba, na foleni yake alfajiri ilikuwa ndefu kuliko ya maji. Kodi ilikusanywa na kijana wa mwenye uwanja, anapita na daftari lake, na risiti hakuna. Ukimwomba anacheka: "Dada, kwani mimi sikufahamu?"

Oktoba akapita na ujumbe kwamba kuanzia mwezi huo kodi ni 25,000, na asiyelipa ndani ya siku saba aondoke. Siku ya nane, mchana wa saa nane, mvua ya kwanza ya msimu imetanda, vijana wawili wakapanda juu ya banda la mama anayeuza supu na kuezua mabati manne. Mama huyo alikuwa amelipa Septemba na nusu ya Oktoba kwa bei ya zamani. Daftari la kijana halikuonyesha hivyo. Mabati yakabebwa kama rehani, na mvua ilipokuja ilinyesha moja kwa moja kwenye unga na juu ya kitanda alicholala mjukuu wake.

Usiku ule tulikutana kwa fundi baiskeli, kwa sababu kwake kulikuwa na taa ya sola na benchi mbili. Tulikuwa kama ishirini. Kwa saa nzima watu walisema walivyo na hasira, na hasira haina ajenda. Kisha dereva mmoja wa lori akasimama akasema jambo ambalo naamini wengi tulikuwa nalo moyoni.

"Jamani, sisi hapa ni wapita njia. Kazi ikisogea mbele, na sisi tunasogea. Chama cha wakazi ni cha watu wenye makaburi yao hapa."

Watu waliitikia kwa kichwa. Fundi baiskeli, mzee wa Kinyamwezi kutoka upande wa Sikonge, alisubiri mpaka kelele zikapungua.

"Mwanangu, sungusungu unaijua? Ilianza huku kwetu na kwa Wasukuma, miaka ya themanini mwanzoni. Ng'ombe walikuwa wanaibwa, watu wanauawa, na kila mtu analala na panga lake peke yake. Watu hawakusubiri waandikiwe barua. Walianza kwa kukubaliana kwamba mmoja akipiga yowe, wote tunatoka. Leo mama huyu amepiga yowe. Ametoka nani?"

Hakuna aliyejibu. Tulikuwa ndani ya mabanda yetu mchana ule, na bati linapoezuliwa linasikika mbali.

Mimi sikusema kitu usiku huo, lakini neno la dereva, wapita njia, lilikaa nami. Mahali hapa pana historia ndefu ya wapita njia, na hawakuwa watu wasio na mpangilio. Wapagazi wa Kinyamwezi waliovuka Mgunda Mkali karne ya 19 walikuwa wafanyakazi wa mshahara, na walijua kusimamia maslahi yao. Walikuwa na kirangozi anayetangulia mbele, mtu wanayemwamini wenyewe. Waligawanyika katika makambi, vikundi vidogo vinavyopika chungu kimoja na kulala pamoja, na wakifika kituoni walijenga vibanda vya matawi na majani ambavyo msafara uliofuata ungevikuta. Posho ikipunguzwa au mwendo ukiwa wa kuua, walitua mizigo na kukataa kwenda. Mwanahistoria Stephen Rockel ameandika kitabu kizima kuhusu watu hao. Walikuwa njiani daima, na bado walikuwa na utaratibu. Walipanga mambo yao kwa kuwa walikuwa njiani, maana mtu aliye mbali na ukoo wake ana wale tu anaopika nao.

Tulikutana tena siku mbili baadaye. Safari hii nilikuja na daftari la kaunta kuya mbili kutoka dukani kwangu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kalamu, nikawa katibu. Swali la kwanza likachukua jioni nzima: nani mwanachama?

Kwenye karatasi ni rahisi. Mkazi ni anayekaa. Lakini Uwanjani kulikuwa na mtu mwenye mabanda saba. Moja analala yeye, sita amepangisha kwa vibarua. Akasema kura ziende kwa mabanda, kwa sababu kila banda linalipa kodi.

"Mimi nina mabanda saba, nipewe kura saba. Ni haki tu."

Mama wa supu, ambaye paa lake lilikuwa bado turubai, akamuuliza taratibu: "Baba, na chooni huwa unaingia mara saba?"

Kicheko kile kilitusaidia kuliko hoja yoyote. Tukaandika: kila mtu mzima anayelala Uwanjani, awe na banda au amepanga ndani ya banda la mwingine, ana kura moja. Mwenye mabanda saba alinuna, lakini alisaini. Tuliosaini jioni ile tulikuwa 33. Ada ilikuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwenyekiti akawa mama wa supu. Mweka hazina akawa kinyozi, kijana mcheshi ambaye kila mtu alimpenda. Jina tukaliweka la kawaida, umoja wa wakazi, kwa sababu hakuna aliyetaka kubishana kuhusu jina.

Kesho yake tukaenda watatu kwa mtendaji wa kijiji. Tulisalimia, tukakaa, tukaeleza. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza swali ambalo baadaye nililiona lilikuwa la haki kabisa: "Ninyi mmeandikishwa wapi? Kwenye rejista ya kitongoji siwaoni."

Alikuwa sahihi. Watu zaidi ya sabini walikuwa wanaishi hatua chache kutoka ofisi yake na kwenye rejista ya kijiji hawakuwepo. Na hilo lina uzito kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu mwenye miaka 18 au zaidi ambaye makazi yake ya kawaida ni pale kijijini. Sheria haiulizi kama nyumba yako ni ya tofali au ya bati, wala haiulizi babu yako amezikwa wapi. Wiki ile mwenyekiti wa kitongoji alikuja Uwanjani na rejista yake akaandika majina mpaka mkono ukachoka. Kuhusu kusajili umoja wenyewe, tulipiga hesabu. Sheria ya Vyama inatambua chama kuanzia watu kumi, nasi tulikuwa tumevuka. Lakini usajili unataka katiba iliyokamilika, safari na muda. Tukakubaliana tuanze na katiba, tuijaribu, na usajili uje baadaye.

Nilipokuwa naiandika hiyo katiba usiku, nikitafuta mfano wa kuiga, nilikutana na habari za Ng'ambo ya Unguja. Nilizaliwa na kusoma Tanzania mpaka shahada ya kwanza, na sikuwahi kufundishwa. Watu wa Ng'ambo walimiliki nyumba zao za miti na udongo, lakini ardhi ilikuwa ya matajiri, na kila mmoja alidaiwa kodi ya kiwanja. Kodi zikapanda. Mwaka 1928 wapangaji waligoma kulipa, na mgomo huo ukawashika wanaume na wanawake, mtaa kwa mtaa. Laura Fair ameueleza katika kitabu chake cha mwaka 2001, *Pastimes and Politics*. Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na haraka ya kumsikiliza maskini wa Ng'ambo, ililazimika kutunga sheria ya kudhibiti kodi ile. Upande wa pili wa dunia, huko Meredith katika jimbo la New Hampshire, mwaka 1984 familia 13 za wenye nyumba za kuhamishika zilifanya jambo jingine: kwa mkopo, ziliungana na kununua ardhi yenyewe kama ushirika. Niliyasoma yote mawili usiku mmoja, nikasikia nimepata jamaa ambao sikujua ninao. Kununua hatukuweza. Kugoma tuliweza, lakini mama wa supu alikataa.

"Tukigoma ataleta trekta," alisema. "Twende tukaongee naye mbele ya watu."

Mbele ya watu maana yake ilikuwa baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inalipa baraza hilo wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Halihukumu. Linasuluhisha. Nilikuwa nadhani hilo ni udhaifu, lakini siku ile niliona faida yake: hakuna aliyekuja kushinda kesi.

Mwenye uwanja alikuja mwenyewe, bila kijana wake. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu, na nilitarajia mtu wa kutisha. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti lililopauka, na alipoamkiwa aliitikia kila mmoja kwa zamu. Akasema yake.

"Mlipokuja mlisema miezi sita tu. Mimi nimekosa mahindi misimu miwili. Mnauza, mnapata, juu ya ardhi ambayo baba yangu aliifyeka kwa shoka. Na hiyo elfu kumi mnayoilia, waulizeni wenzenu kama wanailipa."

Mjumbe mmoja mwanamke akatugeukia. "Ni kweli? Kuna wasiolipa?"

Ilikuwa kweli. Tulipokaa na daftari la kijana na kumbukumbu za wenzetu, tukakuta mabanda 11 yana madeni, mengine ya miezi minne. Wakati huohuo tukakuta malipo mengi ambayo kijana aliyapokea na hayakuandikwa. Mzee alitazama ile orodha muda mrefu. Hakusema neno kuhusu kijana, lakini kijana hatukumwona tena na daftari.

Makubaliano tuliyachapa kwa printa yangu, nakala tatu. Kodi 15,000, inalipwa kabla ya tarehe tano, na umoja ndio unaokusanya na kutoa risiti. Hakuna bati kuezuliwa bila baraza kujulishwa. Mwenye uwanja akitaka ardhi yake, atoe notisi ya miezi mitatu, muda wa kutosha mtu kutafuta kiwanja na mtoto kumaliza muhula. Vyoo viwili vipya: miti na eneo vitoke kwake, nguvu na saruji vitoke kwetu. Mabati manne ya mama wa supu yalirudi jioni ileile, moja likiwa limepinda.

Natamani habari iishie hapo, lakini umoja wa wakazi si sherehe ya ushindi. Ni mikutano. Januari tulichimba mashimo mawili ya futi kumi na mbili, na watu walewale tisa ndio waliochimba. Machi, yule kinyozi mweka hazina alikuwa anadaiwa kodi ya miezi minne. Fedha ya umoja hakugusa hata senti, vitabu vyake vilikuwa safi. Hakuwa na fedha yake tu. Wateja wake walikuwa wamehamia mbele pamoja na kazi. Mzee akaja, safari hii kwa utaratibu wote tuliomtaka aufuate, akasema amejulisha baraza na anaomba umoja utoe tamko.

Ndipo tukajikuta, miezi mitano baada ya kuunda chombo cha kuzuia bati lisiezuliwe, tumekaa kwa fundi baiskeli tunajadili kama bati la mwenzetu liezuliwe. Wengine walisema sheria ni sheria, tukimwachia yeye, Aprili watakuwa kumi. Wengine walisema tulikusanyika kwa ajili ya mtu kama huyu. Kinyozi mwenyewe alikaa pembeni akiangalia mikono yake. Ilipofika saa nne usiku mama wa supu akapendekeza deni ligawanywe katika miezi minne na yeye alipe kidogokidogo. Kura zikapigwa: 17 ndiyo, 12 hapana.

Usiku wa Jumapili iliyofuata kinyozi aling'oa banda lake taratibu, bila kugonga, akaondoka nalo. Funguo ya sanduku la fedha na daftari la hesabu aliviacha mlangoni kwangu vimefungwa kwenye khanga. Kila shilingi ilikuwepo.

Mzee alidai umoja ubebe deni, kwa kuwa ndio uliomwombea muda. Wenzangu wengi waliona ni uonevu. Mimi niliona ana hoja. Tulilipa nusu, na tukaongeza kipengele kwenye katiba: anayehama anapewa barua ya umoja ikionyesha kwamba hadaiwi, na anayeingia anaulizwa barua ya alikotoka, kama anayo. Hatujui kama kwingine kuna mtu anayetoa barua kama hizo. Tunauliza hata hivyo.

Sasa mabanda ni 24. Dereva aliyesema sisi ni wapita njia alipita kweli, lakini kabla ya kuondoka alidai barua yake, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye mfuko wa leseni. Mwenye mabanda saba amebaki na mawili, na siku hizi ndiye mweka hazina. Mahindi yameanza kurudi upande wa mashariki wa uwanja, kwenye vipande vilivyoachwa wazi, na mzee ametuuliza kama umoja unaweza kuzuia mbuzi wa wakazi. Hilo ni ajenda ya tatu mwezi huu. Ya kwanza ni choo cha pili, ambacho bawaba yake imekatika tena. Ya pili ni mama mmoja kutoka Malongwe mwenye mabati kumi na mbili na watoto wawili, anayeomba kiwanja.